Rangi za Haidranti na Maana Zake: Uchunguzi wa Ishara, Mkataba na Kipimo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii inahusu aina mahususi ya ishara. Wingu na mvua vimefungamana kwa maumbile; hakuna baraza lililowahi kuketi likaamua kwamba wingu jeusi litangulie mvua. Anayeishi Lamu na anayeishi Kisumu hulisoma wingu hilo kwa namna moja bila kuagana. Hata hivyo, zipo ishara nyingine ambazo hazitokani na maumbile bali hubuniwa na binadamu, zikakubaliwa, zikafundishwa na zikalindwa. Ishara hizi huishi maadamu makubaliano yaliyozizaa yangali hai. Makubaliano hayo yakivunjika, ishara hubaki kuwa umbo tupu, au hubaki ikisema jambo lisilo kweli.

Makala haya yanachunguza ishara mojawapo ya aina hii ya pili, nayo ni rangi zinazopakwa haidranti. Haidranti ni kifaa kinachounganishwa na bomba kuu la maji lililofukiwa ardhini ili wazimamoto waweze kufunga mipira yao na kupata maji wakati wa mkasa. Uchunguzi umejikita zaidi nchini Marekani, ambako mfumo wa kuainisha haidranti kwa rangi umefafanuliwa kwa kina, kisha unalinganishwa na taratibu za Ufaransa na Uingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba rangi ya haidranti haina maana yoyote ndani yake yenyewe. Maana yake hutokana na mkataba baina ya watu, na mkataba huo nao husimama juu ya kipimo cha maji. Mkataba usipofahamika, au kipimo kisipohakikiwa, rangi hugeuka kuwa mtego.

Huenda ikaulizwa: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na vyuma vya kando ya barabara katika nchi za mbali? Jibu ni kwamba nadharia ya ishara hufundishwa kwa kawaida kupitia mifano ya vitabuni, ambapo kosa la kusoma ishara huishia kwenye alama ya mtihani. Kwenye haidranti, msomaji ni mzimamoto aliyefika usiku, moshi umetanda, na watu wangali ndani ya nyumba. Akiisoma ishara visivyo, gharama yake hulipwa kwa mali na kwa roho.

Haidranti: Asili na Muundo

Kabla ya kuwapo kwa mabomba ya chuma, miji kadhaa ya Ulaya na Amerika ilisambaza maji kwa magogo yaliyotobolewa katikati na kufukiwa ardhini. Moto ulipozuka, wazimamoto walifukua ardhi, wakatoboa gogo na kuyaacha maji yajae shimoni, kisha wakayachota. Moto ulipozimwa, tundu lile liliziibwa kwa kigingi cha mti, na mahali pale pakawekwa alama ili pasitafutwe tena kwa kubahatisha. Hivyo basi, tangu mwanzo, suala la maji ya kuzimia moto lilikuwa pia suala la ishara: haikutosha maji kuwapo, ilibidi mtu ajue yako wapi.

Haidranti ya kusimama wima, inayofanana na nguzo fupi, huhusishwa na Frederick Graff, mhandisi wa maji wa mji wa Philadelphia, mwanzoni mwa karne ya 19. Husemwa kwamba hati ya uvumbuzi huo haipatikani kwa sababu iliteketea katika moto ulioiunguza Ofisi ya Hataza mjini Washington mnamo Desemba 1836. Kama ndivyo, basi hati ya kifaa cha kuzimia moto ililiwa na moto wenyewe.

Kwa madhumuni ya uchunguzi huu, sehemu tatu za haidranti ya Marekani zinahitaji kutofautishwa. Ya kwanza ni mwili, yaani nguzo yenyewe. Ya pili ni kofia, yaani sehemu ya juu iliyoufunika mwili huo. Ya tatu ni midomo, yaani matundu ya kufungia mipira, ambayo huwa na vifuniko vyake. Tofauti hii ni muhimu kwa kuwa rangi ya mwili na rangi ya kofia hazisemi jambo moja. Mwili husema, “Mimi ni haidranti, nione.” Kofia na vifuniko husema, “Maji yangu ni kiasi hiki.” Mtu anayetazama mwili pekee huwa amesikia salamu akakosa habari.

Mfumo wa Rangi Nchini Marekani

Chama cha kitaifa cha kukinga moto cha Marekani, kinachofahamika kwa kifupi kama NFPA, kiliasisiwa mwaka 1896. Miongoni mwa nyaraka zake upo mwongozo nambari 291 unaohusu kupima na kuwekea alama haidranti. Mwongozo huo unapendekeza mwili wa haidranti ya umma upakwe rangi ya manjano iliyokolea, isipokuwa pale ambapo mji ulikwisha kuwa na rangi yake. Kofia na vifuniko vya midomo navyo hupakwa rangi kwa kufuata kiasi cha maji kinachoweza kutolewa kwa dakika moja:

(a) Samawati: galoni 1,500 au zaidi, yaani takriban lita 5,680 na kuendelea.
(b) Kijani: galoni 1,000 hadi 1,499, yaani kuanzia takriban lita 3,785.
(c) Rangi ya machungwa: galoni 500 hadi 999, yaani kuanzia takriban lita 1,890.
(d) Nyekundu: chini ya galoni 500.

Aidha, rangi ya zambarau iliyofifia imetengewa haidranti zinazotoa maji yasiyofaa kunywewa, kwa mfano maji yaliyosafishwa ili yatumike upya. Haidranti ya mtu binafsi iliyo kando ya barabara ya umma inapendekezwa ipakwe nyekundu, au rangi nyingine yoyote itakayoitenga na zile za umma. Haidranti iliyoharibika kwa muda haipewi rangi yake maalumu. Inapasa kufunikwa au kuwekewa alama nyingine ya wazi, na ile isiyotarajiwa kutumika tena inapasa kung’olewa kabisa. Pendekezo hili la mwisho lina hekima kubwa: ni afadhali pasiwe na ishara kuliko kuwe na ishara inayoahidi kisichokuwapo.

Ikumbukwe kuwa mwongozo huu ni pendekezo, si sheria. Hupata nguvu ya kisheria pale tu ambapo mamlaka ya mahali imeukubali. Athari za jambo hili zitaonekana baadaye.

Mtu asiyeufahamu mfumo huu hukaribia kukosea katika rangi ya nyekundu. Kwa kuwa moto huhusishwa na wekundu, na magari mengi ya zimamoto ni mekundu, ni rahisi kudhani kwamba haidranti yenye kofia nyekundu ndiyo iliyo shujaa kuliko zote. Katika mfumo huu mambo ni kinyume: nyekundu ndiyo dhaifu kupita zote. Gari lenye pampu ya kusukuma galoni 1,500 kwa dakika likitegemea haidranti ya kofia nyekundu halitapata hata theluthi ya maji linayoweza kuyasukuma. Kiongozi wa wazimamoto aliyeiona rangi hiyo hujua papo hapo kwamba atahitaji kutafuta chanzo kingine, kuvuta mipira mirefu kutoka mtaa wa pili, au kuagiza magari yenye matangi. Rangi humwambia haya kabla hajafungua hata mdomo mmoja.

Kipimo Nyuma ya Rangi

Haidranti haipewi rangi kwa kutazamwa, bali kwa kupimwa. Wapimaji hufunga kipima-msukumo kwenye haidranti moja na kusoma msukumo wa maji yakiwa yametulia. Kisha hufungua haidranti nyingine moja au zaidi zilizo karibu, maji yakatiririka, nao wakasoma kiasi cha msukumo kilichosalia kwenye ile ya kwanza. Wakati huohuo hupima kasi ya maji yanayotoka. Kutokana na tarakimu hizo hukokotolewa kiasi cha maji kinachoweza kupatikana huku msukumo uliosalia ukiwa ratili 20 kwa kila inchi ya mraba.

Kiwango hicho cha ratili 20 kina sababu. Maji yakivutwa kupita kiasi, msukumo ndani ya bomba kuu hushuka mno. Hapo uchafu unaweza kufyonzwa kutoka nje kupitia penye nyufa, na maji ya kunywa ya mtaa mzima yakaharibika. Kwa hiyo rangi ya kofia haisemi tu “maji yapo”, bali husema “haya ndiyo maji yanayoweza kuchukuliwa bila kuuharibu mfumo.”

Kiasi hicho hutegemea mambo mengi yasiyoonekana kwa macho: upana wa bomba lililo ardhini, umri wake na kutu iliyojikusanya ndani, mwinuko wa mahali ukilinganishwa na tangi, na iwapo bomba hilo limeunganishwa pande zote mbili au limeishia njiani. Haidranti mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zenye umbo lilelile, zinaweza kustahili samawati na nyekundu kwa sababu tu zimefungwa kwenye mabomba tofauti. Usione vyaelea, vimeundwa. Rangi ya kofia ni muhtasari wa habari zilizofukiwa ardhini.

Unasibu wa Rangi

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alieleza kuwa ishara ya lugha ina pande mbili, yaani kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano baina ya pande hizo ni wa nasibu. Hakuna kitu katika sauti za neno maji kinachofanana na maji. Je, kauli hii yahusu rangi pia?

Mfano wa nyumbani unaweza kusaidia. Katika bendera ya Kenya, kijani huwakilisha ardhi ya nchi, na nyekundu huwakilisha damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Kwenye taa za barabarani, kijani humwambia dereva apite na nyekundu humwamuru asimame. Kwenye kofia ya haidranti ya Marekani, kijani humaanisha angalau galoni 1,000 na nyekundu humaanisha chini ya 500. Rangi ni zilezile, na jicho linaloziona ni lilelile. Kilichobadilika ni mfumo ambamo rangi imewekwa. Ni wazi basi kwamba maana haikai ndani ya rangi, bali hukaa ndani ya uhusiano wa rangi hiyo na rangi nyingine za mfumo uleule. Kijani cha haidranti ni kijani kwa kuwa si samawati na si rangi ya machungwa.

Pamoja na hayo, unasibu huu si kamili. Mpangilio wa nyekundu, machungwa na kijani unafuata njia ambayo macho ya watumiaji wa barabara yamekwisha kuizoea: nyekundu hutahadharisha na kijani huruhusu. Kuiweka samawati kileleni nako kuna mantiki, kwani rangi hiyo huhusishwa na maji. Mkataba, kwa hiyo, haukuzaliwa katika ombwe; uliazima mazoea yaliyokuwapo ili ukumbukwe kwa urahisi. Lakini kuazima si kufungwa. Mazoea hayohayo yanaweza kuelekeza mahali pengine kabisa, kama mifano ifuatayo inavyodhihirisha.

Lahaja za Rangi

Kama vile Kiswahili kina lahaja zake, mifumo ya rangi nayo ina lahaja. Mfano bora unapatikana mjini San Francisco. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko kubwa lilivunja mabomba ya maji ya mji huo, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya mji huku wazimamoto wakiwa hawana maji. Baada ya mkasa huo, mji ulijenga mfumo wa ziada wa maji yenye msukumo mkubwa kwa ajili ya kuzima moto pekee, ukitegemea hifadhi za maji zilizowekwa katika miinuko mitatu tofauti. Kofia za haidranti za mfumo huo hutaja chanzo cha maji: samawati kwa eneo la tangi la Jones Street lililo chini, nyekundu kwa eneo la tangi la Ashbury lililo juu zaidi, na nyeusi kwa bwawa la Twin Peaks lililo juu kuliko zote.

Hapa samawati haimaanishi maji mengi kuliko yote, wala nyekundu haimaanishi upungufu. Maji yanayotoka kwenye mwinuko mkubwa huwa na msukumo mkubwa. Hivyo nyekundu ina nguvu kuliko samawati. Mtu aliyezoea mwongozo wa NFPA akiisoma San Francisco kwa macho ya kwao atapata maana iliyopinduka.

Ufaransa inatoa mfano ulio dhahiri zaidi. Kwa mujibu wa taratibu za kitaifa zilizowekwa mwaka 2015, nyekundu ni rangi ya haidranti ya kawaida iliyounganishwa na bomba lenye msukumo. Manjano ni ya zile zenye msukumo ulioongezwa, ambazo zahitaji tahadhari zinapofunguliwa. Samawati, au buluu kwa jumla, ni ya vyanzo visivyo na msukumo, ambapo maji sharti yavutwe kwa pampu. Mzimamoto wa Marekani huiona buluu na kutarajia maji yatoke kwa kishindo. Mwenzake wa Ufaransa huiona buluu na kujua kwamba bila pampu hatapata kitu. Katika taaluma ya tafsiri, maneno yenye umbo moja na maana tofauti katika lugha mbili huitwa marafiki wa uongo. Buluu ya haidranti ni rafiki wa uongo wa aina hiyo.

Gharama ya Kutoafikiana

Historia ina mafunzo kuhusu kinachotokea mikataba inapotofautiana. Mifano miwili ifuatayo haihusu rangi bali viungo vya mipira. Hata hivyo chanzo cha tatizo ni kilekile, yaani kila mji kujiundia mfumo wake.

Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka mjini Baltimore. Miji jirani, ikiwemo Washington na Philadelphia, ilituma wazimamoto na mitambo. Walipofika, wengi waligundua kwamba mipira yao haikuweza kufungika kwenye haidranti za Baltimore kwa sababu nyuzi za viungo zilikuwa tofauti. Maji yalikuwapo, mipira ilikuwapo, watu walikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Uchunguzi uliofanywa baadaye nchini humo ulikusanya zaidi ya aina 600 za viungo vya mipira, na juhudi za kuweka kipimo kimoja cha kitaifa zikashika kasi.

Kuweka kipimo ni jambo moja. Kukifuata ni jambo jingine. Tarehe 20 Oktoba 1991, miaka 87 baadaye, moto uliwaka katika vilima vya Oakland, jimbo la California, na watu 25 wakapoteza maisha. Sababu za maafa hayo zilikuwa nyingi, zikiwemo upepo mkali na ukame. Miongoni mwa vizuizi vilivyotajwa ni kwamba midomo ya haidranti za Oakland ilikuwa na upana wa inchi 3, ilhali magari mengi yaliyotoka miji mingine yalitumia viungo vya inchi 2 na nusu, hivyo yakahitaji vifaa vya kuunganishia.

Mafunzo haya yanahusu rangi moja kwa moja. Mzimamoto wa mji husika huenda asiihitaji rangi sana, kwa kuwa amezijua haidranti za mtaa wake kwa miaka mingi. Anayeihitaji kwa dhati ni mgeni aliyekuja kusaidia. Na huyo mgeni ndiye aliye katika hatari kubwa ya kusoma rangi za wenyeji kwa kamusi ya kwao. Ishara inayoeleweka na wenyeji pekee huwa haimfai yule aliyetungiwa.

Ishara Inapopitwa na Wakati

Hata mkataba unapofahamika na wote, bado kuna hatari nyingine: rangi kudumu baada ya ukweli kubadilika. Mtaa hupanuka, nyumba huongezeka, maji yakagawanywa kwa watumiaji wengi zaidi. Bomba huota kutu, likapungua upana. Au mji hubadilisha bomba la zamani kwa jipya lililo pana, lakini kofia ikaachwa na wekundu wake wa kale. Rangi haijui mabadiliko haya. Kwa sababu hiyo mwongozo wa NFPA unapendekeza haidranti za umma zipimwe maji yake kila baada ya miaka 5. Upimaji huo ndio unaorejesha ndoa baina ya kiashiria na kiashiriwa.

Jambo jingine ni mapambo. Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, wakazi wa miji mingi walizipaka haidranti sura na mavazi ya askari wa vita vya uhuru. Lilikuwa tendo la furaha na uzalendo. Lakini pale ambapo kofia hutumika kutaja kiasi cha maji, rangi ya pambo hufuta taarifa. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Mzimamoto hana nafasi ya kufungua na kuingia ndani kwanza. Yeye hutegemea mlango useme kweli.

Hata hivyo, si kila rangi isiyotaja kiasi cha maji ni upotoshaji. Karibu na makutano ya barabara za Church na 20th mjini San Francisco ipo haidranti inayopakwa rangi ya dhahabu kila tarehe 18 Aprili. Inakumbukwa kuwa miongoni mwa chache zilizoendelea kutoa maji mwaka 1906, na husifiwa kwa kuiokoa sehemu ya Mission. Dhahabu hiyo haisemi habari za galoni, husema shukrani. Hakuna anayechanganyikiwa nayo kwa kuwa iko peke yake na kisa chake kinajulikana. Hii nayo ni ishara ya mkataba, ila mkataba wake ni wa kumbukumbu, si wa kipimo.

Rangi au Tarakimu?

Uingereza ilifuata njia nyingine. Haidranti nyingi za huko hukaa chini ya ardhi, zikafunikwa kwa vifuniko vya chuma. Karibu nazo, ukutani au kwenye kinguzo, hubandikwa kibao cha manjano chenye herufi H nyeusi na tarakimu mbili. Tarakimu ya juu hutaja upana wa bomba kuu, na ya chini hutaja umbali kutoka kwenye kibao hadi ilipo haidranti. Kibao chenye 100 juu na 3 chini humwambia msomaji kuwa bomba lina upana wa milimita 100 na kwamba haidranti iko umbali wa mita 3.

Kila njia ina faida na upungufu wake. Rangi husomeka kutoka mbali, hata kwa mtu aliye ndani ya gari linalokwenda. Tarakimu huhitaji ukaribu. Kwa upande mwingine, rangi hubadilika machoni chini ya taa za usiku, hufifia kwa jua, na haiwafai watu wote. Takriban mwanamume mmoja kati ya 12 wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya hupata shida ya kutenganisha nyekundu na kijani, na hizo ni rangi mbili ambazo mfumo wa Marekani huzitenga kwa galoni 500 au zaidi. Isitoshe, tarakimu ya Uingereza hutaja upana wa bomba, si kiasi cha maji kilichopimwa. Hivyo nayo huacha kazi ya kukisia.

Rangi Hizi katika Kiswahili

Mfumo huu ukihamishiwa katika Kiswahili, jambo la kiisimu hujitokeza mara moja. Katika rangi nne za mwongozo wa Marekani, ni nyekundu pekee inayotajwa kwa kivumishi chenye mzizi wake, -ekundu, kinachopatana na nomino: kifuniko chekundu, mdomo mwekundu, mabomba mekundu. Zilizosalia huazimwa kutoka kwa vitu. Kijani hutokana na jani, machungwa ni tunda, na samawati hurejea kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Zambarau nayo ni tunda, na manjano ni kiungo cha mapishi. Rangi hizi hutajwa kwa kutumia -a unganifu: kifuniko cha kijani, mdomo wa samawati, mabomba ya manjano.

Hali hii inakubaliana na madai ya Berlin na Kay, ambao mwaka 1969 walieleza kwamba lugha huanza kwa kutenga weusi na weupe, kisha wekundu, ndipo rangi nyingine zifuate. Kiswahili kina -eusi, -eupe na -ekundu kama vivumishi kamili. Kwa nyingine hutegemea mazingira. Hili si umaskini wa lugha. Msemaji anayesema “rangi ya machungwa” ameitaja rangi pamoja na mfano wake, na yeyote aliyewahi kuliona tunda hilo likiwa limeiva ameelewa.

Tatizo hutokea kwenye samawati. Wapo wanaolitumia neno hili kwa buluu ya aina yoyote, na wapo wanaolitenga kwa buluu iliyofifia ya anga. Katika shairi, tofauti hiyo yaweza kuachwa kwa hisia ya msomaji. Katika maelekezo ya kiufundi haiwezi kuachwa. Mfasiri wa mwongozo wa aina hii hana budi kuchagua neno moja, kulifafanua mwanzoni kwa kulihusisha na kipimo chake, na kulishikilia hadi mwisho. Kwa maneno mengine, hana budi kutenda kama mji unaopaka haidranti zake: kuafikiana kwanza, kupaka baadaye.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba rangi ya haidranti ni ishara ya mkataba. Samawati inaweza kumaanisha maji tele katika mji mmoja, tangi la chini katika mji mwingine, na maji yasiyo na msukumo katika nchi ya tatu. Aidha imeonyeshwa kwamba mkataba peke yake hautoshi, kwa kuwa rangi iliyokubaliwa na wote bado yaweza kusema uongo iwapo maji hayakupimwa upya.

Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo linavuka mipaka ya haidranti. Istilahi zinazobuniwa na kila chuo kivyake, bila kuafikiana na vyuo vingine, hazitofautiani na viungo vya mipira vya mwaka 1904: kila kimoja ni kizima kwao, lakini havifungiki pamoja vinapohitajika. Na istilahi iliyokubaliwa kisha ikaachwa bila kuhakikiwa hufanana na kofia ya samawati juu ya bomba lililojaa kutu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Na kwa ushahidi wa Baltimore, moto huo nao hauzimiki ila kwa viungo vinavyoshikana.